Kikapu Juu ya Nguzo

Fundi Nduwayo alikuwa amejenga mengi, kuanzia vijumba vya tope vya kambi ya wakimbizi ya Lukole alikokulia hadi fremu za maduka mjini Ngara, lakini hakuna kazi iliyowahi kumnyima usingizi kama ile nguzo moja ya kanisa.

Nguzo zilikuwa mbili, kushoto na kulia kwa altare. Hazikubeba kitu. Wamisionari walizisimamisha kwa uzuri tu, kila moja na kichwa cha majani ya saruji yaliyopandana, na juu ya majani kibamba cha mraba. Masika yaliyopita bati lilivuja, kichwa cha kushoto kikalowa, kikaanguka vipande vipande. Mzee Jovitus, mwenyekiti wa halmashauri walei, alimpa Nduwayo muda hadi sikukuu ya somo wa parokia. Akishindwa, kichwa cha pili nacho kitapigwa nyundo, nguzo zibaki tupu zote mbili, mambo yaishe.

Hilo ndilo lililomuuma. Tangu amwoe Agripina, binti wa Kihangaza, na kubaki huku, alikuwa akiketi benchi la tatu na kuyatazama majani yale misa nzima. Si mgomba, si mboga ya maboga, si mpapai. Wazee aliowauliza, mmoja alisema pamba, mwingine mbigili. Alishuka hadi mtoni Ruvubu akichuma na kulinganisha, na kila siku ya kufua Agripina alikuta mifuko ya shati imejaa majani makavu.

Alijaribu mara mbili. Alimimina bonge la zege, akalibandika majani ya saruji. Mara ya kwanza yalidondoka yakiwa bado mabichi. Mara ya pili yalishika, ila yalisimama wima, yamebanana, na Mzee Jovitus akauliza kwa upole kama kabichi hiyo italiwa na ugali au na ndizi. Wanakwaya walicheka hadi mazoezi yakaharibika.

Ndipo Nduwayo alipomfuata Padri Danstan na kumuuliza huu ni mti gani wa kwenye Biblia.

Padri akamwambia haumo. Umetoka Uyunani, kabla ya Kristo. Wanasimulia kwamba msichana mmoja alikufa kabla ya kuolewa. Mlezi wake akakusanya vikombe na vitu vidogo alivyovipenda, akavitia kikapuni, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kigae kisinyeshewe. Bila kujua, alikiweka juu ya mzizi. Msimu ulipogeuka mmea ukachipua, ukakizunguka kikapu kwa majani yake ya menomeno, na ulipofika kwenye kigae ukakosa pa kwenda, ncha zikajikunja. Mchonga mawe akapita, akaona, akaipeleka sura ile juu ya nguzo.

“Wakristo walipoanza kujenga makanisa makubwa walizichukua nguzo hizo,” alisema Padri. “Jani linalochipua kaburini, wao walijua la kulifanyia.”

Nduwayo alikumbuka kaburi jingine. Kule Lukole, juu ya kaburi la mdogo wake Josefina, mama yao aliacha kikombe cha plastiki cha bluu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

“Kwa hiyo ndani kuna kikapu,” alisema mwishowe.

“Kwenye hadithi, ndiyo.”

“Hata pale juu, Padri. Mimi nilikuwa naweka jiwe.”

Habari zilipomfikia Mzee Jovitus, alisema hataki kaburi la wapagani mbele ya altare. Padri akamkumbusha kwamba hata umbo la kanisa, ukumbi mrefu wenye kichwa cha duara, liliazimwa kwenye kumbi za Warumi walimoamulia kesi. Tukianza kurudisha vya watu, tutasali nyasini. Mzee akakubali, ila nyundo aliyokwisha kuiweka tayari sakristia akaiacha pale pale.

Agripina alisuka kikapu kwa wiki nzima, chini chembamba, juu kimetanuka, na kifuniko chake. Mumewe alipokuja kukichukua, hakukiachia. Kwao kikapu hakitoki nyumbani kitupu.

“Kinaenda kufungwa na saruji, Mama Joan. Nani atakifungua?”

“Hata kama. Unataka nimpelekee Mungu kikapu kitupu?”

Akatia viganja viwili vya mtama mwekundu, akafunika.

Nduwayo alikifunga juu ya nguzo kwa waya wa kuku, akakipaka saruji nyembamba, akapanda jani moja moja kutoka chini. Safari hii saruji ilikuwa na pa kushika. Aliweka kibamba juu, na kila ncha iliyokifikia akaikunja kwa kidole gumba.

Siku ya sikukuu watu walitazama kushoto, wakatazama kulia, wakashindwa kusema kipi ni kipya. Baada ya misa Mzee Jovitus aliinua fimbo yake akagonga kichwa kile. Kililia kama kitu chenye tumbo.

“Kuna nini humo?”

“Mtama, mzee.”

Mzee alisubiri utani uishe. Ulipokuwa hauishi, alikwenda sakristia, akatoka na nyundo, akairudisha stoo.

Bati sasa ni jipya, halivuji. Hata hivyo, mvua ikianza kunyesha katikati ya misa, Nduwayo huinua macho kwenye nguzo ya kushoto, pale ncha zinapojikunja, aone kama kuna kitu kibichi kimechungulia.