Mke wa Mama na Afisa Uhamiaji

Mama alizaa mabinti watupu, na baba akafa bila kuacha mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya hilo lina dawa yake. Mama alichukua ng'ombe wa mahari ya dada zangu, akaoa mke. Nyumba ntobu, ndivyo tunavyoiita ndoa hiyo. Mke alijichagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakaitwa kwa jina la marehemu baba. Mke huyo alitoka upande wa pili wa mpaka, Kenya, na ukisimama uani kwetu Susuni uliuona moshi wa jiko la mama yake.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi akaja na habari: asiyezaliwa Tanzania atahojiwa, na akishindwa atavushwa mpaka. Watoto wake wawili wangebaki, kwani ni wa nyumba yetu. Mke wa mama akapoteza hamu ya kula. Mama naye akaacha kutukana kuku, ndipo nikajua hali ni mbaya.

Kazi ya kumwandaa nilipewa mimi, binti wa mwisho, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, niliyejiona nusu ya serikali. Nilimfundisha rangi za bendera, maana ya kujitegemea, na maadui wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Alikariri huku akisaga ulezi. Kila nilipomuuliza adui wa kwanza ni nani, alijibu, "Ngedere," kwa kuwa ndio waliomaliza mahindi yake. Nilimkemea. Kuhusu ndoa sikumwambia neno. Kulikuwa na nini cha kufundisha? Kijiji kizima kilikuja kula nyama ya harusi yake.

Siku ilipofika, tulimkuta afisa uhamiaji katika ofisi ya kijiji, kijana mpole aliyezaliwa pwani. Alikohoa, akamuuliza mke wa mama:

"Mumeo yuko wapi?"

"Ako hapo nje, anavuta kiko."

"Mwite."

Mama akaingia na kiko chake. Afisa akamwamkia shikamoo, kisha akachungulia nyuma yake kumtafuta mwanamume.

"Mimi ndiye niliyemuoa," mama akasema.

Afisa akanigeukia, nami nikamweleza mambo ya nyumba ntobu, jasho likinitoka kuliko siku ya ukaguzi. Akakuna kichwa. Kwamba mke wa raia huruhusiwa kubaki, hilo alilijua. Raia wa kuoa akiwa amejifunga khanga, huyo hakufundishwa. Mwisho akapata njia, na naamini ilitoka moyoni.

"Mama, tuseme tu ni binti yako, tumalize."

"Binti?" Mama akatoa kiko mdomoni. "Mabinti ninao tele. Nilichokosa ni mke. Ukimwandika binti, watoto wake watakuwa wa nani?"

Mke wa mama akaanza kulia, kwa sauti, bila aibu. Afisa akamtazama, akashika kalamu, na penye jina la mume akaandika jina la mama. Akagonga muhuri.

"Wakubwa wakiuliza, nitajibu mwenyewe," akasema.

Nilifurahi mno, ingawa maadui wa taifa hakuulizwa hata mmoja. Afisa, sasa amechangamka, akanitania:

"Na wewe mwalimu, uraia wako vipi?"

Mama akanijibia, bila ubaya wowote:

"Huyo ni mpita njia. Kesho ataolewa, aondoke. Wa kwetu ni huyu."