Siku Niliyotangaza Nimepona

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa vile hapo Igawa mnaisimulia na chumvi juu (juzi nimesikia eti nilivua shati mbele ya watu, mimi sikuvua shati, koti ndilo lililopasuka), bora niiseme mwenyewe.

Mnanijua, mimi ni wa kuziba pancha barabarani, darasa la nne sikulimaliza, na madereva wa malori ya Zambia walikuwa wanasimama hata tairi zikiwa nzima ili tu wasikie maneno yangu. Basi alipofariki mke wangu, mama Zuhura, maneno yakakatika. Sisemi kulia, kulia nililia nikamaliza kwenye arobaini. Ni kwamba nilikuwa naamka, nakaa kitandani, naangalia viatu, jua linapanda na mimi bado naangalia viatu. Mtu akileta tairi nakaa nayo tunatazamana. Chakula nikitia mdomoni kama udongo. Halafu yakaanza mawazo kwamba mimi hapa nabaki nafanya nini, si na mimi niondoke, na hayo sikumwambia mtu.

Zuhura, binti yangu aliyeolewa Mbeya, akaja akaniona, hakuuliza, akanibeba kama gunia la mchele mpaka hospitali. Huko wakasema hiyo ni sonona, ugonjwa kabisa, si uvivu na si mashetani. Na palikuwa na daktari mmoja, bado kijana, wanajaribu dawa mpya ya ugonjwa huo, nikakubali kuingia. Alinieleza vizuri, kwamba wengine wetu tutapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na hata wao wanaotugawia hawajui nani kapata kipi.

"Sasa mtajuaje kama inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Mzee, huu ugonjwa hauonekani kwenye damu wala kwenye picha. Kipimo ni wewe. Utakachosema ndicho tutakachojua, na ukizidiwa, ni mdomo wako ndio utakaotuambia tukuwahi."

Kipimo ni mimi! Angejua amemkabidhi nani.

Aliyekuwa anatuuliza maswali ni nesi, Sista Neema, binti wa Kinyakyusa wa huko Tukuyu, umri wa mjukuu wangu. Akikuamkia anakupigia goti (wale mabinti wamefundwa, si kama hawa wetu wanaokuamkia huku wanaangalia simu). "Shikamoo babu." "Marahaba mama." "Babu, wiki hii usingizi ulikuwaje?"

Sasa mimi nilikuwa sijalala. Lakini mtoto wa watu kapiga goti, uso wote unaniombea mema, nitamwambiaje kwamba babu mzima analia ndani ya shuka? Nikasema, "Nalala vizuri, mama." Basi, kosa langu lilianzia hapo tu, hakuna pengine. Akafurahi nikaona meno yake yote. Chakula? Nakula. Raha ya kufanya kazi? Ipo. Akashusha sauti, "Babu, kuna siku unawaza ni afadhali usingekuwepo?" Nikamjibu, "Mimi? Na pancha nani atawazibia?" Akacheka. Na ukishamchekesha mtu umekwisha, kwa sababu ukirudi wiki nyingine huwezi kuja na sura tofauti, atajua siku ile ulimdanganya, kwa hiyo unaongeza kidogo, na safari nyingine kidogo. Kila nikienda napona zaidi. Nikitoka pale narudi kwa Zuhura, najifunika blanketi mpaka kichwani.

"Baba, kule unawaambia ukweli?"

"Nawaambia."

"Mbona hapa huongei?"

"Maneno nimeyamalizia kule."

Hakucheka. Alikaa pembeni ya kitanda akanishika mguu juu ya blanketi, na mimi nikajifanya nimelala.

Basi wakataka kuanzisha majaribio hayo na Iringa pia. Watu wa kule wakagoma, wakasema hao wanakuja kuchukua damu wakauze. Daktari akaniomba twende nikaongee na wazee wenzangu. Alinionya, tena zaidi ya mara moja: "Usiseme dawa inaponya, mzee, hilo bado hatulijui. Sema tu ulivyopokelewa, na kwamba damu haiuzwi." Ningekataa hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini Sista Neema akasema, "Nani ataongea kama babu?" Nikaenda.

Mnaijua baridi ya Iringa. Nilivaa koti la mkwe wangu, na mkwe wangu ni mwembamba kama mpini wa jembe, nikawa natembea mikono imening'inia mbele kama nasukuma toroli. Zuhura alinisindikiza. Ukumbi ulijaa mpaka spika nyingine zikawekwa nje kwa waliokosa nafasi. Nikapewa maiki, nikawaamkia kwa Kihehe, "Kamwene!" ukumbi mzima ukaitikia, na hapo, ndugu zangu, nikalewa. Sijui niwaambieje. Toka mke wangu afe sikuwa nimesikia watu wakiniitikia hivyo.

"Damu yangu nani atanunua? Imejaa gundi ya pancha!" Wakacheka. "Huyu binti akinichoma sindano, inatoka pumzi!" Wakapiga meza. Daktari anatikisa kichwa taratibu, naona kabisa ananiambia basi inatosha, na mimi ndio kwanza nakolea. "Mlikuwa mnaangalia maiti! Leo mnaona mtu! Nimepona!" Makofi, vigelegele. Daktari akainuka kuja kuchukua maiki.

Kabla hajafika, akasimama mama mmoja katikati ya watu.

"Baba yangu, samahani," akasema. "Mimi nina binti yuko chuo hapa hapa Iringa. Ana ugonjwa huo huo. Anameza dawa za hospitali. Nataka nizitupe leo hii nimlete kwenye hii ya kwako. Niambie mbele ya Mungu, umepona?"

"Mama, usimwachishe dawa," daktari akawahi. "Ngoja nikueleze."

"Wewe nitakusikiliza mwanangu. Nimemuuliza yeye."

Nilitaka kusema ndiyo, wallahi nilitaka, mdomo nimeshaufungua. Lakini yule mama hakuwa ananitazama kama mchekeshaji. Alikuwa ananitazama kama mtu anayepima kamba kabla hajavuka mto.

"Hapana, mama," nikasema. "Silali. Sili. Nawaza kufa."

Spika zikayapeleka mpaka barabarani. Halafu kikanitoka kilio, nacho hakikuwa kilio cha mzee, kilikuwa cha ndama. Nikainama nijifiche, koti likapasuka mgongoni, prrr, na hilo nalo spika zikalichukua. Jamaa mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Huyo ndiye aliyepona!" na ukumbi ukacheka. Nikatafuta pa kuizimia maiki sikupaona. Sista Neema akaja machozi yanamtoka, "Babu, kwa nini? Si nilikuwa nakuuliza?"

"Ulikuwa unapiga goti, mama," nikamjibu, na hilo pia Iringa nzima ikalisikia.

Nje, daktari hakunigombeza, ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Ningekupoteza, mzee," akasema. "Ningekupoteza huku naandika kwamba unaendelea vizuri." Akamwambia Zuhura sirudi nyumbani, nakwenda moja kwa moja wodini. Zuhura alikuwa amenivulia lile koti amelikumbatia.

Mara yule mama akatoka. Nikajua anakuja kunitukana, nikajiweka tayari. Akasimama mbele yangu, simu sikioni. "Binti yangu kila nikimpigia ananiambia 'niko sawa mama'," akaniambia, na simu ikapokelewa. "Ni mimi," akasema. "Leo usiniambie uko sawa. Nasubiri." Akasubiri. Kisha akaanza kusikiliza, na huku anasikiliza akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, anasema tu "ndiyo mwanangu, ndiyo, nakuja, usikate, nakuja."

Akaondoka kwa bodaboda, simu bado iko sikioni. Sikumwona tena, na binti aliendeleaje sijui.

Mimi walinilaza, wakanitoa kwenye majaribio, majibu yangu yote ya nyuma yakawa si kitu. Nilikuwa nameza dawa au kidonge kitupu, mpaka leo sijui. Sasa wananipa dawa nyingine, kuna siku nafungua kibanda changu cha pancha na kuna siku sifungui. Maiki sitaishika tena, hata kwenye harusi ya mjukuu. Na kwa daktari na nesi adabu nimeiacha mlangoni: wakiniuliza nasema kinachouma, na anayetaka kulia, na alie.