Ukiitwa Usiitike

Mwaka wangu wa pili chuoni, pale Kitale, rejista ilionyesha nimekosa masomo kuliko wavivu wenyewe, ilhali sikukosa hata kipindi kimoja. Nilikuwa nasomea umeme, msichana peke yangu darasani, na nilikaa safu ya pili. Mwalimu wetu aliita majina akiwa ametupa mgongo, huku akichora saketi ubaoni. Akifika kwangu, nilinyamaza. Aliita tena, nikanyamaza, naye akaendelea na wengine. Wavulana walisema naringa. Kuringa naringa, sikatai, lakini si kwa mambo ya rejista.

Kwetu Bungoma, upande wa Sirisia, mtoto hufundishwa mapema kwamba akiitwa jina na haoni uso wa anayemwita, asiitike. Akiitika, amejulisha aliko. Mama ndiye aliyenifundisha, akinifinya sikio ili nisisahau. Sasa mama alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua ndefu, na tangu mahindi ya Kitale yaliponipita kimo, alikuwa akiniita.

Aliniita mchana, kwenye kijia cha kutoka chuoni hadi nilikopanga, mahindi yakiwa pande zote mbili. Aliita vile alivyoniita nyumbani akitaka kuni: jina zima, akiivuta silabi ya mwisho. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu anapalilia. Nikasimama. Hakukuwa na upepo, na hakuna jani lililotikisika. Akaita tena kutoka karibu zaidi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikaanza kukimbia, na mkoba ukanigonga mgongoni hadi langoni.

Baadaye aliniita hata ndani ya karakana, kutoka nyuma ya kabati la nyaya. Sauti ya mwalimu ilikuwa nzito, ya mwanamume mnene, lakini akiwa ametupa mgongo sikuthubutu hata kumwitikia yeye.

Kisha barua ikaja: nisipotoa sababu ya kueleweka, sitakalia mtihani. Nikatumwa kwa mshauri nasaha wa wanafunzi. Ofisi yake ilikuwa na mlango wa kioo cha ukungu, na ukiwa kwenye benchi la nje ungeona kivuli chake tu. Kivuli kiliinuka, kikaniita kwa jina, kikangoja, kikaketi. Ningekiitikiaje kivuli? Nilikaa pale hadi chakula cha mchana, nikaondoka. Nilifanya hivyo mara tatu. Kwenye faili aliandika kwamba sikufika.

Mara ya nne alitoka kufunga ofisi akanikuta.

"Ni wewe nimekuwa nikiita? Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu, madam."

"Na si umenisikia?"

"Nimekusikia. Sikuona ni nani ananiita."

Hakucheka. Kwa hilo tu nilianza kumpenda. Akafungua mlango tena, akaniketisha, akaahirisha chakula chake. Tangu siku hiyo alitoka nje kila mara, akasimama mbele yangu nimwone, ndipo aniite. Mwalimu wa umeme naye aliombwa ageuke anapoita majina. Aligeuka kwa kununa, lakini aligeuka.

Nilimweleza madam kila kitu, hata lile nililomficha kila mtu: kwamba siku aliyofariki, mama alinipigia simu mara mbili. Nilikuwa juu ya ngazi nikifunga waya, simu ikitetemeka mfukoni, nikajiambia nitampigia jioni. Nilijichukia kwa hiyo jioni. Nilimweleza pia kwamba wiki iliyotangulia nilijikuta nimesimama ndani ya shamba la watu, mistari sita kutoka kijiani, viatu vimejaa udongo, na sikukumbuka nikiingia.

Hapo aliweka kalamu chini.

"Wewe unaogopa nini zaidi," aliuliza, "akuite, ama aache kukuita?"

Nilikasirika. Nilimwambia anauliza hivyo kwa sababu hajui kufiwa na mama. Akasema wake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Nilitamani ardhi inimeze. Siku hiyo alipanga nisipite kile kijia peke yangu, na wavulana wawili wa darasa letu, wale wale wa kusema naringa, wakawa wananisindikiza huku wakibishana mpira kwa sauti kubwa. Siku walizonisindikiza sikuitwa.

Madam ndiye aliyeniuliza baba anaendeleaje. Nikasema ni mwalimu mstaafu, na kwenye simu husema yuko sawa.

"Nenda umwone kwa macho," akasema.

Nilienda Jumamosi. Nilimkuta nyuma ya jikoni, kwenye jua kali la saa sita, kiti kikiwa kimeelekea mahindi yetu. Shati lilikuwa limemlegea mabegani. Sahani ya ugali ilikuwa chini, haijaguswa, kuku wakiidonoa.

"Baba, mbona unakaa juani?"

"Hapa ni pazuri."

Nikaketi kwenye nyasi nikamweleza yote, hata zile simu mbili. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza alisema polepole, "Hata mimi namsikia."

Nilipumua. Nilifurahi kama mjinga kwamba si mimi peke yangu.

"Anakuambiaje, baba?"

"Mimi haniiti. Anakuita wewe. Kila siku wakati kama huu, kutoka huko ndani."

"Na unafanya nini?"

"Naitika. Nasema niko hapa, mama, kama vile wewe ulikuwa unasema." Alipapasa magoti yake. "Ndio akikuja kuchukua mtu, anipate mimi. Wewe umalize shule."

Kuku walikuwa wamemaliza ugali. Halafu nikamwona akiinua kichwa upande wa mahindi, macho yametulia, kifua kikijaa pumzi, mdomo ukifunguka. Kwetu binti hamgusi baba yake usoni. Niliruka nikamziba mdomo kwa kiganja, nikambana kichwa kifuani kwangu kwa nguvu zote. Midomo yake iliendelea kutembea kwenye ngozi ya mkono wangu, ikitamka. Mimi sikuwa nimesikia chochote.

Tulikaa hivyo hadi mabega yake yakaanza kutetemeka na kiganja changu kikalowa. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata kaburini. Nilipomwachilia alijifuta kwa mkono wa shati, akakohoa, akarekebisha kola.

"Huyo madam wenu," akasema, "anaona hata wazee?"

Nikamwambia anaona, ingawa sikuwa nimemuuliza.