Mguu wa Baba na Kichupa cha Mama

Mama yangu hawezi kuvumilia chombo nusu. Birika likishuka kidogo, keshajaza. Mtungi wa maji, kopo la sukari, glasi ya mgeni ambaye ameshaapa kwamba ametosheka, vyote vinajazwa. Baba husema tangu amuoe hajawahi kuona kitako cha kikombe chake. Analalamika, ila kikombe anakisogeza mwenyewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo kisa cha breki hakieleweki.

Gari letu ni kuukuu, la kijivu, na kila Jumamosi baba humpeleka mama kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji. Nyumba yetu imejaa watu: kaka yangu mkubwa na mkewe, watoto wao, na mimi na vikorokoro vyangu. Ndani ya lile gari tu ndipo wazazi wetu wanapoongea bila mtu kudakia. Hurudi wakicheka, na ukiwauliza wanacheka nini, hawasemi.

Jumamosi moja, wakirudi, baba alikanyaga breki getini na gari likaenda zake hadi kwenye pipa la taka. Pipa likalala chali. Hakuna aliyeumia, lakini kaka alikuwa barazani na aliona kila kitu. Kaka ni mtu wa wasiwasi, hata manyunyu humfanya awaingize watoto ndani. Jioni ile akamkalisha baba.

"Baba, usinielewe vibaya. Mguu umechoka. Hukukanyaga vya kutosha."

"Nilikanyaga," baba akasema. "Pedali ndiyo iliyozama."

"Pedali haizami yenyewe, baba."

Akaomba funguo. Baba akazitoa mfukoni, akaziweka mezani, akaenda kukaa uani peke yake. Nilimkasirikia kaka. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa upande wake. Nilikuwa nimechungulia mwenyewe: kichupa cha mafuta ya breki kilijaa, taa ya hatari ya dashibodi haikuwaka, na chini ya gari palikuwa pakavu.

Jumamosi iliyofuata mama alivaa, akakaa, akavua. Kaka alijitolea kumpeleka. "Nitakwenda siku nyingine, mwanangu," akamjibu, kisha akanijazia chai ambayo sikuwa nimeiomba. Nikainuka nikampigia simu shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alifanya kazi kwenye karakana ya mabasi hadi akastaafu, na unyenyekevu ni kitu alichosikia kwa watu. Alifika na sanduku lake la spana, akaitikia shikamoo ya kaka bila kumtazama, akafungua boneti. Halafu akainama, akapitisha kidole kwenye injini.

"Injini nzima ina vumbi," akasema. "Kifuniko cha kichupa hiki tu ndicho kinachong'aa kama sahani ya wageni. Nani anakipangusa?"

Akageuka taratibu kuelekea mlango wa jikoni.

"Wifi."

Mama akatoka akijifuta mikono. "Nikiosha gari huwa naongeza maji ya kusafishia kioo," akasema. "Na hicho nacho nakikuta kimepungua. Sasa chombo kimepungua, mtu unakiacha hivyo hivyo?"

"Unakijaza kila unapoosha?"

"Kila ninapoosha. Nanunua chupa pale kituo cha mafuta."

Shangazi alicheka hadi akaegemea gari. Akatueleza kwamba mafuta ya breki hayanywewi na injini. Yakipungua upesi namna hiyo, yanavuja mahali, na taa huwaka yakishuka mno. Mama hakuyapa nafasi ya kushuka.

"Lakini chini pakavu," kaka akasema.

"Pakavu kwa sababu yanavujia ndani."

Akapiga jeki, akavua tairi la nyuma, akaigonga ngoma ya breki, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi, hadi ikaachia. Ndani mlikuwa na tope jeusi la mafuta na vumbi. Akafunua kwa bisibisi mpira wa ile silinda ndogo inayosukuma breki, na mafuta yakamtiririkia vidoleni. Mpira umekwisha, akasema. Ukikanyaga, mafuta yanatoka, hewa inaingia, pedali inazama. Kaka akatumwa dukani kuleta silinda mpya, na brekshuu za nyuma pia, zile zinazosugua ngoma, maana za zamani zilikuwa zimelowa. Alikwenda mbio, na hapo hasira yangu ikapoa kidogo.

Baada ya kufunga vyote, ilibaki kutoa hewa. Mtu mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia, mwingine hulegeza nati kule kwenye gurudumu mpaka hewa itoke, kisha huendelea hivyo gurudumu kwa gurudumu. Ni kazi ya mguu. Kaka akauwahi mlango wa dereva.

"Toka hapo," shangazi akasema. "Namtaka mdogo wangu."

Baba akaja kutoka uani, akavua viatu, akaketi.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Mafuta yakatoka na povu, kisha yakatoka safi. Kaka alisimama na chupa ya mafuta ya breki mkononi, macho kwenye mguu wa baba. Haukutetemeka. Walizunguka gari lote, shangazi akakaza nati ya mwisho, akakusanya spana zake, akaenda kunawa. Aliporudi akamkuta baba vile vile.

"Bado umekanyaga?"

"Hujaniambia niachie."

Kaka akatoa funguo, akampa baba kwa mikono miwili. "Nisamehe, baba."

"Ulikuwa na hofu juu yetu, basi," baba akasema, akawasha gari.

Shangazi akamgeukia mama. "Ukikiona kimepungua, niite. Usiongeze hata tone."

"Hata kidogo tu?"

"Wifi."

Sote tukataka kupanda twende kulijaribu. Mama akawahi kiti cha mbele. "Nyinyi bakini," akasema, akafunga mlango.

Gari likateremka polepole hadi getini. Taa nyekundu za breki zikawaka, likasimama kabla ya pipa, palepale baba alipotaka. Tukawaona wakicheka. Kisha wakakunja kulia. Kwa mama mkubwa ni kushoto.