Pete ya Mwenyekiti

Wakili Subhashree alimjua vizuri mwenyekiti wa baraza la kesi za watumishi wa serikali pale Cuttack, India: akianza kuzungusha pete yake ya marijani, ombi la kupitia upya hukumu limekufa.

Kisha humwambia: "Hii si rufaa, binti. Kosa lionekane lenyewe, lisitafutwe kwa tochi."

Leo pete ilizunguka mapema. Ndipo mwenyekiti akasoma kwa sauti hukumu yake mwenyewe, iliyomnyima kazi mteja wa Subhashree, mlinzi wa geti la reli aliyedaiwa kuliacha wazi: "Hakuleta shahidi." Akainua macho. Benchini alikaa bibi muuza maua, yuleyule ambaye mwenyekiti mwenyewe alimwagizia kiti siku ya ushahidi.

Pete ikatulia.

"Bibi, siku ile ulisema nini?"

"Kwamba geti lilifungwa, mwanangu. Ukanijibu umeelewa."

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika: baraza lilimsahau shahidi."

Karani akaandika.

"Futa neno 'baraza'. Andika 'mimi'."