Aliyemwamkia Mama kwa Kiha

Simu ilimkuta mama ufukweni Katonga, anageuza dagaa juani. Ilikuwa namba ngeni, lakini mama hupokea namba ngeni kila siku. Wanunuzi wake wengine wako ng'ambo ya ziwa na hubadilisha laini kama shati.

"Mwakeye, mama," sauti ya kijana ikasema. Akaendelea kwa Kiha safi, cha nyumbani kabisa. Akauliza habari za jua, kama dagaa wanakauka vizuri. Ndipo akajitambulisha: yeye ni fundi mitambo wa mtandao, laini ya mama imeingiwa na virusi, na isiposafishwa sasa hivi itafungwa.

"Usihangaike kuja ofisini, mama yangu. Kuna tarakimu zimeingia kwenye meseji. Nisomee tu, mengine niachie mimi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akamsomea. Kijana akamshukuru, akamwombea heri kwenye biashara, akakata. Mama aliniambia baadaye kwamba siku ile alimsifu mbele ya wenzake: kumbe wapo vijana wetu bado wana adabu.

Mimi nilikuwa Gungu, kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, meseji ilipoingia kutoka kwenye akaunti ya mama, na picha yake juu: "Nimelazwa, natakiwa kufanyiwa upasuaji, msinipigie maana sauti haitoki, mwenye chochote atume kwa namba hii." Hospitali haikutajwa, nikaacha mteja kaunta, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Katubuka.

Uani nilikuta wanawake wa kwaya yake. Mmoja alikuwa na chupa ya uji, mwingine amejifunga kanga kiunoni kama anayejiandaa kulala matangani. Katikati yao alisimama mama, ndoo mkononi, ametoka ziwani muda si mrefu, haelewi kwa nini watu wanamlilia.

"Jamani, mimi ni mzima," alikuwa akisema. "Nisameheni. Mimi ni mzima."

Sitasahau hilo. Mama yangu aliomba radhi kwa kuwa mzima.

Mtunza hazina wa kwaya, rafiki yake wa miaka mingi, hakucheka wala hakumkumbatia. Alishatuma mchango, na wengine walishatuma kupitia kwake. Alimtazama mama kwa jicho la pembeni, akasema, "Lakini ujumbe umetoka kwako. Picha ni yako." Kisha akaondoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na yule mwenye uji akarudi nao.

Niliipigia ile namba ya kutumiwa pesa. Sikutarajia ipokelewe, ikapokelewa.

"Karibu, dada, nikusaidie nini?"

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, na mama akiwa anasikia. Yule kijana akasubiri nimalize. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba, akasema, "Dada, hasira hasara," akakata. Nilipopiga tena haikupatikana.

Kesho yake tulikwenda kituoni. Askari aliandika maelezo yetu, akanyanyua kichwa, akamuuliza mama, "Sasa wewe, mama, kwa nini ulimsomea?" Kwa wakala wa simu, binti aliyetusaidia kuirudisha akaunti, ile aliyoiteka kijana kwa zile tarakimu, aliuliza hilohilo. Majirani nao wakauliza, na shangazi akapiga kutoka Kasulu ili kuuliza. Mama akawa anajibu kila mmoja kwa upole, kichwa chini, kama mtoto aliyevunja chungu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule kijana alilelewa na nani, akafundishwa wapi kuchukua lugha ya mama yake na kuifanya chambo. Tunawaambia wazee wetu wawe wajanja, basi, tumemaliza. Mwizi tunamwacha aende zake.

Jumapili, baada ya matangazo kanisani, mama aliomba nafasi. Nilimvuta kanga nikamwambia akae, akaniondoa mkono. Akasimama mbele ya watu, akaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, mpaka yale maneno aliyomsifia mwizi wake. Kisha mwalimu mmoja mstaafu akainuka benchi la nyuma, mwanamke mwenye sauti nzito, akasema naye alipigiwa, naye alisoma tarakimu, ila aliona haya kusema hata kwa mume wake. Mwingine akainua mkono. Mwingine tena.

Mtunza hazina alimsalimia mama mlangoni siku hiyo. Salamu tu. Nyumbani hakuja mpaka mvua zilipoanza, na alipokuja walizungumzia mbegu za maharage.

Nilimsihi mama aache kupokea namba asizozijua. Tulikuwa Katonga, mitumbwi imeshashusha, na yeye amechuchumaa anachambua dagaa.

"Nisipopokea, nitamuuzia nani?" aliniuliza. "Au unataka na biashara nimwachie yule mwizi?"

Simu ikaita palepale. Namba ngeni. Akajifuta magamba, akapokea, akaanza kupatana bei na mtu wa Uvira kwa sauti ya juu. Nilisimama pembeni yake, meno nimeyauma, na hasira zangu sikujua pa kuzitua.