Mwalimu, Mjukuu Wake na Chai ya Posa

Kabla sijafika kwenye ile chai, niseme kwamba mimi darasa nililoishia ni la nne. Nalisema mapema ili anayesoma asitegemee makubwa. Baba yangu, kule Muheza, aliona mtoto wa kike akishajua kuandika jina lake basi kasoma vya kutosha, maana jina lenyewe ataliandika mara ngapi maishani. Kwenye hilo alikosea. Hapa Marekani nimeandika jina langu mara nyingi kuliko nilivyokula wali. Naliandika nikiingia kazini, naliandika nikitoka, naliandika nikimwogesha mgonjwa na nikimpa dawa, na katikati ya hapo wananitumia fomu nyingine ya kuthibitisha kwamba jina ni langu.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwenyewe nina miaka sitini na tisa. Nililetwa na binti yangu nije kulea wajukuu, wajukuu wakakua, wakawa wananijibu Kiingereza nikiwauliza kama wamekula, nikaona afadhali nikatafute watu wazima wenzangu. Ndivyo nilivyopelekwa kwa Mwalimu, Alexandria, kwenye maghorofa ya upande wa magharibi. Mwalimu ana miaka themanini na nane. Kwa hiyo bibi mmoja anambeba bibi mwingine kumtoa bafuni, na ofisini wanaiita huduma ya kitaalamu.

Anatoka Azabajani. Siku ya kwanza niliposikia nilidhani ni kitongoji huko Maryland, kupita Lanham. Watu wa kwao wakija kumsalimu humwita muallime, ndivyo wanavyowaita walimu wa kike. Mimi nikasikia mwalimu, nikamwita Mwalimu, akageuka akaniangalia kama nimezaliwa mtaa wao. Tangu hapo hatukuulizana tena majina. Tunazungumza Kiingereza. Chake kimevunjika upande mmoja, changu upande mwingine, tukiviweka pamoja kinapatikana kimoja cha kutosha.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande nikimchana nywele. Alipokuwa binti wa miaka ishirini na kitu alipanda milimani kwa punda, kijiji hadi kijiji, kuwaomba akina baba wawaache mabinti waendelee na shule. Akina baba walimkaribisha vizuri, wakamlisha, wakamwambia hapana. Alirudi mwaka uliofuata. Kuna mzee mmoja alimrudia miaka mitano, hata mbwa wa pale wakaacha kumbwekea. Akafungua bweni la wasichana mjini ili baba asiseme shule iko mbali. Akafundisha akina mama kusoma, jioni, wakiwa na watoto mgongoni. Serikali ilipobadilika aliunda chama cha wanawake, akaandika barua kwa wakubwa, akaitwa kuhojiwa, akaenda na sweta la kufuma ili asipoteze muda kwenye foleni. Vita vilipoleta wakimbizi, akafundisha ndani ya mabehewa ya treni ya mizigo, maana watu walikuwa wanaishi humo. Nishani anazo, zimo kwenye kopo la biskuti.

Nilipomwambia nimeishia darasa la nne alininyang'anya kitana.

"Kwa nini la nne?"

"Baba alisema inatosha."

"Huyo baba yako yuko wapi?"

"Kaburini, Mwalimu. Mwaka wa thelathini sasa."

"Bahati yake," akasema, akanirudishia kitana.

Sasa Mwalimu huyu ana mjukuu mmoja, mtoto wa mwanawe anayekaa naye, na hapo ndipo moyo wake wote ulipo. Binti anasoma udaktari, si ule wa sindano, ule wa kuandika kitabu kinene ambacho watasoma watu watano. Amebakiza miaka miwili. Mwalimu alikuwa akiitaja hiyo miaka miwili kama mwingine anavyotaja kwenda Maka. Nyumba nzima ilijua: nisipokufa kwanza nataka kumwona na ile kofia ya kuhitimu.

Halafu akatokea kijana. Kijana wa kwao, anakaa upande wa Maryland, fundi wa lifti, mpole, mikono mikubwa. Binti alimpenda, hilo hata mimi niliyekuwa nafua mashuka nililiona, maana alikuwa akipokea simu yake kwenye baraza wakati wa baridi bila koti. Wazazi wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja Jumamosi kuposa.

Mwalimu hakuwa na neno baya na kijana. Neno lake lilikuwa moja: wasichana wanaoacha meza ya kusomea wakaolewe wakasema watarudi, hawarudi. Aliwahi kuwa nao wengi bwenini, aliwakumbuka mmoja mmoja, huyu alikuwa hodari wa hesabu, yule wa kuchora, wote waliaga wakisema mwezi wa tisa tutaonana. "Mwezi wa tisa," aliniambia, "nimeungoja miaka hamsini."

Kwa hiyo jibu lilikuwa hapana. Mwanawe, baba wa binti, ni mtu wa kutikisa kichwa kukubali kila asemalo mama yake, alitikisa. Mkewe siku hiyo, kama Jumamosi yenyewe, alikuwa zamu hospitali anakofanya kazi. Binti mwenyewe, nilivyoona mimi, hakuulizwa. Alikuwa chumbani na kompyuta yake, anaandika kitabu kinene.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilichelewa kwa sababu ya bwana mmoja ninayepanda naye basi barabara ya Duke. Ni Mmarekani mweusi, mstaafu wa posta, kajifunza Kiswahili chuoni ukubwani kwa mapenzi yake, na anakizungumza kimenyooka kama kimepigwa pasi. Hupenda kunisahihisha. Nikisema fulani kasoma, yeye atasema, "Bibi, sema amesoma." Siku hiyo tuliteta mpaka nikapitiliza kituo. Nilimwambia, baba, wewe umekipata kwa ada, mimi nimekipata bure, ndiyo maana changu kina mikunjo. Akacheka, akaniandikia kwenye karatasi namna sahihi. Basi nikafika nimechoka, nahema, na Mwalimu kashavaa gauni lake jeusi na bruchi, kile kipini cha pambo cha kifuani.

Akaniita karibu. "Leo chai bila sukari," akasema. "Umesikia? Bila sukari kabisa."

Nikafurahi. Naomba msomaji anielewe hapa. Mwalimu ana kisukari, na kwa miaka miwili vita vyangu na yeye vilikuwa sukari. Kwao chai hunywewa kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, na pembeni kibakuli cha jamu ya cheri. Nikigeuka, kijiko kimeingia kwenye jamu. Nikimwuliza, anasema ni dawa ya kifua. Kwa hiyo aliposema bila sukari kabisa, nilijua kwamba leo, kwa heshima ya wageni, bibi kaamua kumtii daktari. Nikamwambia, "Vizuri sana, Mwalimu. Ndivyo inavyotakiwa." Akanishika mkono kama watu waliopanga jambo.

Nilichokuwa sikijui, na hakuna aliyeniambia, ni kwamba kwao posa haijibiwi kwa mdomo. Hujibiwa kwa chai. Chai ikija imetiwa sukari, binti katolewa. Ikija kavu, wageni wanywe, washukuru, wavae makoti. Mwalimu huyu aliyepigana na desturi za kwao maisha yake yote, milimani na ofisini, siku ile aliona ipo moja inayomfaa, maana ingemwepusha kubishana sebuleni.

Wakaja wanne: kijana, baba yake mwenye masharubu, mama yake, na mjomba. Wakakaa. Mimi nikaingia jikoni kupika chai. Kwetu mgeni humpi chai ya mkandaa, isiyo na sukari. Mgeni wa kawaida humpi, sembuse mgeni wa posa. Ukimpa chai kavu mgeni aliyekuja kuoa, hata ukoo wenu utasemwa harusini kwa watu wengine. Nikatia vijiko vitatu kila gilasi, nikakoroga mpaka chini pasibaki chembe. Gilasi moja tu nikaiacha kavu, nikaiweka upande wa kulia wa sinia: ya Mwalimu.

Binti akaingia kuchukua sinia. Akasimama.

"Aunti, hiyo ni sukari?" kwa Kiingereza, maana yeye ndiyo lugha yake.

"Sukari, mwanangu. Wageni hao."

"Bibi anajua?"

"Yake ndiyo kavu. Kaniagiza mwenyewe bila sukari."

Aliangalia zile gilasi kama mtu anayesoma kitu kidogo sana. Halafu akachukua kijiko, akaongeza cha nne kwenye gilasi ya baba mtu, akakoroga taratibu, akafuta ukingo kwa kitambaa. Akabeba sinia akatoka. Mimi nikasema moyoni, mtoto ana adabu huyu, kamwona mzee mzima kampendelea.

Nilichungulia mlangoni kuona kama chai imewanogea. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuonja. Akaonja yake, kavu, akaweka gilasi chini, akakaa vizuri kitini kwa utulivu wa mtu ambaye kashafunga faili. Akaanza hata kuuliza habari za hali ya hewa. Ndipo baba wa kijana akaonja. Tabasamu lilianzia chini ya masharubu, likapanda. Akamwangalia mkewe, mkewe akaonja, akashika kifua. Mjomba akanywa yote kwa mkupuo. Wote wakasimama, wakamwendea Mwalimu kumbusu mashavu, huku mama wa kijana akilia, na mwanawe Mwalimu, ambaye naye kashaonja, akitikisa kichwa kwa mshangao, upande ambao sikuwahi kumwona akitikisa.

Mwalimu alibaki kitini anabusiwa. Macho yake yalipita juu ya mabega ya wale watu yakanikuta mimi mlangoni na taulo la vyombo. Nimekwisha kuangaliwa na watu wengi maishani, na wengine wakali, lakini sijaangaliwa hivyo.

Hakuweza kusema hapana. Chai ilikwishasema. Angesimama aseme mtumishi kakosea, mama wa watu angeaibika mbele ya mwanawe, na Mwalimu ni mtu wa kubishana na wakubwa, si na mama anayelia. Kwa hiyo akapokea pete iliyotolewa kwenye kiboksi, akamkabidhi mjukuu kwa mkono wake mwenyewe. Kile kiboksi kitupu akakisahau mkononi. Wageni wakadhani ni furaha ya uzee.

Jumapili sikwenda. Jumatatu asubuhi nikaingia nikiwa nimeshaaga kazi moyoni, hata kandambili zangu za pale nilikuja na mfuko wa kuzichukulia. Mwalimu alikuwa kitandani, hajachana nywele.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Nilikwambia bila sukari."

Nikamweleza kila kitu nilivyokieleza hapa, kisukari chake, wageni wa kwetu, vijiko vitatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nani alibeba sinia?"

"Mjukuu wako."

"Alikuona ukitia?"

Hapo nilisita. Nilikuwa nimepata Jumapili nzima ya kufikiri, na binti yangu alikuwa ameshanisomea kwenye simu habari za chai za watu wa Azabajani, kwa hiyo nilikuwa najua sasa nilichokiona jikoni. Ningesema hakuniona, kosa lingebaki langu peke yangu, la mzee asiyesoma, na mimi nimezoea makosa ya namna hiyo. Lakini huyu alikuwa ameuliza kwa sauti ya darasani, na mimi kwa sauti ile sijawahi kumdanganya mtu.

"Aliona," nikasema. "Akaongeza kijiko kimoja kwa baba mkwe."

Mwalimu akageukia dirishani. Nje hapakuwa na kitu, maegesho ya magari tu na basi la shule.

"Aliongeza," akasema.

"Akakoroga."

Akasema, si kwangu hasa, "Niliwauliza baba zao. Niliwauliza mama zao, mamufti, makatibu wa chama tawala. Wao wenyewe sikuwauliza. Nilijua wanachotaka." Akaniambia nikamwite binti.

Binti alikuja na nywele zimefungwa juu, kalamu sikioni, amejiandaa kwa vita. Nikataka kutoka, Mwalimu akanionyesha kiti. Akamwuliza kwa Kiingereza chetu kibovu, sijui kwa nini si kwa lugha yao, labda alitaka nami nisikie.

"Unamtaka huyu fundi wa lifti?"

"Ndiyo, nene." Nene ndiyo bibi kwao.

"Na kitabu?"

"Namtaka yeye na kitabu, vyote. Kama ungeniuliza wiki iliyopita ningekwambia wiki iliyopita."

"Wote walisema hivyo."

"Mimi si wote."

Mwalimu alimtazama. Nilidhani atalia, nikashika kitambaa tayari. Akasema, "Basi," mara moja tu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshindwa kwenye uchaguzi alioupigania mwenyewe mpaka ukafanyika. Binti akainama kumbusu, akarudi kwenye kompyuta yake, na tukasikia anaanza kugonga herufi, kwa kasi, kama anayetaka kusikiwa.

Mwalimu akasikiliza, kichwa kimeinama upande wa ukuta. Zikinyamaza, anainua macho kuutazama mlango. Zikianza tena, anayashusha.

Nikampima presha. Ilikuwa juu. Nikaiandika, na chini yake jina langu.